Kipigo Kisichokuwa Changu

Chupa ilinipata chini ya sikio la kushoto. Mlio sikuusikia. Nilichosikia ni jino likihama mahali pake na kuja kukaa juu ya ulimi kama jiwe kwenye wali, nikajiuliza hili jino ni la nani. Kisha teke likanipata mgongoni, na zile ngazi za mawe za Porto zikaanza kunipokea moja baada ya nyingine: goti, kiwiko, paji la uso. Taya, iliyokuwa imepasuka tayari, ikamaliziwa kwenye pembe ya ngazi ya mwisho, karibu na meza za watu waliokuwa wakila samaki.

Nililala pale nikiwa nimeng'ang'ania mkoba mwekundu. Mkoba wenyewe haukuwa wangu.

Yule mwanamume akashuka akinifuata. Hakukimbia, alishuka kama mtu anayeenda kuzima jiko. Akanishika kilemba na nywele pamoja, akavuta, akaugeuza uso wangu juu ili anitemee vizuri. Hapo ndipo aliponiona. Macho yake yalibadilika, lakini usidhani ni huruma. Yalikuwa macho ya mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta mwenzake amekaa.

"Aa," akasema. "Nilidhani ni huyu mke wangu."

Alisema hivyo kwa Kiswahili, kwa sauti yake ya kila siku, na watu wetu walikuwa wamejaa kwenye ngazi zile juu yangu. Walisikia. Wewe unayesoma, shika hilo moja, mengine yote yatajipanga nyuma yake. Walisikia wote.

Majina sitaandika. Binti yangu amenikataza, anasema sheria za huku zinaweza kunigeukia mimi. Haya. Nitawataja kwa kazi zao na viti vyao, na wenyewe wanajijua: Dereva, Mwenyekiti, Pasta. Mimi shule niliachia darasa la sita, sina maneno ya kupindapinda.

Sisi ni Wakenya wa Birmingham. Wengi wetu ni manesi, na sisi wengine tunatunza wazee. Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye makao ya wazee kule Selly Oak, kunyanyua, kuogesha, kugeuza, mpaka mgongo ukazoea. Jumapili tunakutana kwa ibada kwenye ukumbi wa kukodi Sparkhill, nyuma ya maduka ya nguo ya Stratford Road, na akina mama tuna umoja wetu. Umoja huo kila mwaka hutoka matembezi. Mwaka huo Mwenyekiti, mama mwenzetu, akachagua Porto, Ureno, safari ya kundi, mna hoteli, mna basi, mna binti Mreno wa kuwatembeza anayebeba mwavuli wa manjano ili msimpoteze. Waume waliruhusiwa. Waliokuja walikuwa wachache, Pasta akiwemo, na mmoja wao ni Dereva.

Dereva anaendesha basi la abiria hapa mjini. Kwenye ukumbi yeye ndiye hubeba spika, hupanga viti, huwarudisha kina mama nyumbani mvua ikinyesha. Mtu wa watu. Ukimsema vibaya pale Sparkhill watakuuliza wewe ulibeba kiti gani.

Siku za kwanza za safari sina neno nazo. Tulipanda tremu, tukapiga picha makanisa yaliyopambwa vigae vya buluu, tukala mikate yao ya mayai. Ubaya ulianza kuonekana safari ilipokuwa inaelekea kwisha, Ijumaa, na safari ilikuwa inaisha Jumatatu.

Ijumaa hiyo tulikuwa mezani chakula cha mchana. Nilikaa ubavuni kwa mke wa Dereva. Yeye na mimi tuna umbo moja, wafupi, wapana mabegani, hata mwendo watu walikuwa wanatutania kwamba tumezaliwa nyumba moja. Binti mwenye mwavuli alikuwa akitueleza kwamba watu wa mji huo wanaitwa wala matumbo, kwa sababu zamani walitoa nyama yote kwa wanajeshi wakabaki na matumbo.

"Kumbe hawa ni Waluhya," mama mmoja akasema.

Meza ikacheka, maana kwetu Waluhya ndio hutaniwa kwa kupenda kula. Mke wa Dereva naye akacheka, sauti yake ikapita za wengine kidogo. Nikaona mkono wa mumewe ukiingia chini ya meza. Nikasikia kitu kikilia, kama karoti mbichi inapovunjwa. Mwanamke hakupiga kelele. Uso ulimtoka rangi, jasho likamjaa juu ya mdomo, na kicheko alikiacha pale pale usoni kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

"Pasta, hebu nisogezee chumvi," Dereva akasema.

Mkono mmoja uko chini unasokota, mwingine unapokea chumvi.

Nilimfuata chooni. Kifundo cha mkono kilikuwa kimeshavimba, nikakifunga na leso niliyokuwa nayo. Nikamwambia twende hospitali. Akasema, "Dada, niache nifike Jumatatu." Ndipo akanieleza. Dada yake anayeishi Leicester angekuja uwanja wa ndege Birmingham kumchukua. Akishuka kwenye ndege haingii tena kwenye ile nyumba. Amepanga hivyo kabla hata hatujatoka, ndiyo maana alikubali safari: kwenye nyumba yake hatoki bila kuulizwa, lakini uwanja wa ndege kila mtu anatoka.

Kulikuwa na shida moja tu, nayo ilikuwa ya desturi yetu. Pasipoti zote Mwenyekiti alizikusanya tulipofika, akaziweka kwenye mkoba wa kufunga tumboni, kwa sababu mwaka mmoja mwenzetu alipoteza yake tukahangaika. Siku ya kurudi huwa anazigawa. Na za mume na mke humpa mume. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Sasa huyu mwenzangu alitaka yake mkononi mapema, aweze kupita mbele peke yake pale kwa maofisa bila kumngoja mtu.

Jumamosi tukamwendea Mwenyekiti pamoja. Tulimkuta chumbani kwake ananyoosha vitenge.

"Ya nini mapema hivyo?" akauliza.

Mwenzangu akajaribu kuzunguka. Mwenyekiti hazungukwi, amekuwa nesi miaka mingi, anajua mtu anayeficha kidonda. Akaona ile leso. Akafungua, akatazama, akafunga. Basi mwanamke akamwambia yote, dada, Leicester, uwanja wa ndege. Mwenyekiti akamkumbatia mpaka akalia.

"Mama, umenipa mzigo," akasema. "Niachie mimi. Nitauweka mahali pake."

Tukatoka tukidhani mahali pake ni palepale tumboni.

Jumapili asubuhi tulikuwa na ibada fupi kwenye chumba cha kifungua kinywa. Pasta akaomba watu wataje haja zao. Mmoja akataja magoti, mwingine mtoto wake asiyetaka kusoma. Kisha Mwenyekiti akasimama, akafumba macho, akainua mikono.

"Baba, tunakuletea nyumba moja iliyo katikati yetu hapa. Wewe unaijua. Adui amepanga kuivunja kesho, Baba, uwanja wa ndege. Yule dada anayengoja pale na gari, mfunge miguu. Rudisha moyo wa mke kwa mume wake."

Watu wakasema amina. Mimi nilikuwa nimefungua macho. Nilimwona Dereva naye amefungua yake. Alikuwa akimtazama mkewe, na mikono yake miwili ilikuwa juu ya meza, inapasua mkate vipande vidogo, vidogo zaidi, mpaka ukawa unga. Alipomaliza kupasua alikung'uta viganja akasema amina peke yake, baada ya wote.

Nikamwambia mwenzangu, "Usikae naye chumbani. Kaa na mimi mpaka kesho." Akatikisa kichwa kukubali.

Siku hiyo ya mwisho ilikuwa siku ya sare. Huu nao ni utaratibu wetu: kitenge kimoja, kimeshonwa na fundi mmoja wa Stratford Road, gauni la mtindo mmoja na kilemba kilekile, ili picha ya mwisho itoke vizuri. Kitenge kilikuwa cha kijani chenye miduara ya chungwa. Binti mwenye mwavuli alipotuona akapiga makofi, akasema leo hahitaji mwavuli. Tukapiga picha kwenye daraja la chuma, tukavuka, tukaingizwa kwenye ghala la mvinyo, maana hiyo ilikuwa ndani ya safari.

Pasta akasema kidogo ni dawa ya tumbo.

"Tumbo la leo ni kubwa, Pasta," mtu akamjibu.

Wengi walionja wakakunja uso. Mimi sinywi, wala sijawahi, na hilo pia nataka likumbukwe. Dereva alionja cha kwake, akaonja cha kila aliyekataa. Akanunua chupa moja, wakamtilia kwenye mfuko. Alipita karibu yetu akamwambia mkewe kwa upole kabisa, "Mama, leo umependeza. Kesho utapendeza zaidi."

Tukarudi upande wa mjini, tukaanza kushuka ngazi kwenda mtoni. Ngazi zenyewe ni nyembamba, ukuta huku, ukuta kule, mawe yamelainishwa na miguu ya watu. Mkono wa mwenzangu ulikuwa umekuwa kama andazi. Ule mkoba wake mwekundu, mkubwa, ulikuwa unamwumiza kila anapougeuza. Nikamwambia lete. Nikauchukua nikauweka begani kwangu, naye akabaki nyuma kidogo ashike ukuta kwa mkono mzima.

Basi fikiria mtu mlevi, mwenye hasira, anatoka juu. Anaona chini kijani na chungwa, kilemba, mabega mapana, mkoba mwekundu wa mkewe. Mkewe mwenyewe yeye amempita bila kumwona, kwa sababu mwanamke amejibana kwenye kona ya ukuta ameinama. Hakuuliza. Aliuzungusha ule mfuko wenye chupa kama mtu anayerusha kombeo.

Yaliyofuata nimeshayaeleza pale mwanzo.

Chupa ilipasukia kwenye ngazi ikanimwagikia yote. Watu wa zile meza za samaki walianza kwa kucheka. Waliona mwanamke mnene wa Kiafrika amebingirika akinuka mvinyo, wakadhani kalewa. Kicheko kilikatika nilipofungua mdomo, kwa sababu haukufunguka sawasawa.

Mwenzangu ndiye alinifikia wa kwanza. Akaweka kichwa changu mapajani mwake, akawa anasema, "Ni mimi, ni mimi, dada, ilikuwa mimi." Dereva alikuwa amesimama anafuta mikono kwenye suruali. Wanaume wawili wakamshika kiwiko kwa adabu, wakampeleka hotelini akapumzike. Apumzike.

Binti mwenye mwavuli alikuwa mbele, hakuona. Alipanda mbio, akauliza kuna nini. Na aliyemjibu ni Mwenyekiti, aliyekuwa ngazi chache tu juu yangu wakati chupa inapita, karibu mno, hata matone ya mvinyo yalikuwa kwenye viatu vyake vyeupe.

"Ameteleza," akasema kwa Kiingereza. "Mawe haya yana maji."

"Na chupa?"

"Alikuwa ameibeba yeye."

Nilijaribu kusema. Kilichotoka ni damu na sauti kama ya ndama. Nikainua mkono nimwonyeshe yule binti, nionyeshe juu, nionyeshe alikopelekwa, nifanye ngumi, chochote. Pasta akapiga magoti kando yangu, akanishika mikono yote miwili, akaikandamiza kifuani pangu. "Tulia, mama. Tuombe." Nilivuta. Ana nguvu yule mzee. Nilivuta mpaka bega likalia, naye anaomba, anaomba kwa sauti kubwa, na mikono yangu iko chini ya mikono yake mpaka gari la wagonjwa likafika. Sijawahi kushikwa vile na mtu yeyote, na nimewahi kushikwa na watu wabaya.

Hospitali walininusa wakatazamana. Wakaifunga taya kwa waya.

Jumatatu kundi likapanda ndege. Mwenyekiti akagawa pasipoti kama kawaida, za mume na mke akampa mume. Yule dada wa Leicester alingoja, Dereva na mkewe wakapita mbele yake wameshikana mikono, ule mkono uliovimba ndio alioushika mume. Haya nilielezwa baadaye na mama mmoja wa kundi, ananong'ona, na alipomaliza akaniomba nisimtaje. Simtaji. Lakini nilimwuliza kwa nini hakusema siku ile, akaniambia, "Ungekuwa wewe ungesema?" Mimi nilikuwa najaribu kusema nikiwa sina mdomo.

Nilirudi Birmingham na binti yangu aliyekuja kunichukua. Yeye amezaliwa huku, Kiswahili anakisikia vizuri lakini hukujibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza chake aliniambia nisinywe tena nikiwa kwenye matembezi. Alikuwa ameambiwa hivyo. Mwanangu mwenyewe alinilisha uji kwa mrija wiki baada ya wiki, hapa Saltley, akiamini anamlisha mlevi. Siku waya zilipofunguliwa neno langu la kwanza lilikuwa, "Nilipigwa." Alitoka nje akapiga ukuta wa uani mpaka vifundo vikachubuka. Nilifurahi. Samahani, lakini nilifurahi, damu ile ilikuwa jibu la kwanza nililopata.

Polisi nilienda. Kijana alinisikiliza vizuri, sina neno naye. Akasema kitu kilifanyika nchi ya watu, na kila aliyekuwepo anasema niliteleza. Akauliza kama yupo hata mmoja anayeweza kusema vingine.

Ndipo wazee wa ushirika wakaniita ukumbini, Sparkhill, tupatane. Dereva akaja na kapu la matunda. Matufaha. Kwa mtu ambaye taya yake ina kipande cha chuma na skrubu. Mkewe alikaa nyuma yake amejifunga skafu shingoni, na ilikuwa Julai, joto la huku.

Mwenyekiti akafungua kikao. "Mama, tunakupa pole. Lakini tuelewane. Kipigo kile hakikuwa chako. Ndugu yetu alikosea mtu. Hana ubaya na wewe, hajawahi. Msamehe tuendelee."

"Amina," watu wakasema.

Nikauliza, "Kama hakikuwa changu, kilikuwa cha nani?"

Pasta akasema tusirudi nyuma.

"Nauliza tu. Kilikuwa na mwenyewe?"

Dereva akacheka kidogo. "Huyu mama naye. Si niliomba msamaha?"

Nilichukua tufaha moja kapuni nikamrushia kwa nguvu zote nilizonyanyulia wazee miaka yote ile. Lilimpata kwenye nyusi. Ngozi ilipasuka, damu ikamshukia jichoni. Hapo sasa ukumbi mzima ukaona damu. Wanawake wakapiga mayowe, mtu akanikaba shingo kwa nyuma, mwingine akanisokota mkono, kiti kikaniangukia mguuni, Mwenyekiti akaja mbio na pamba na maji ya dawa akampangusa kijana wa watu. Kwa tone lile tu. Nilitolewa nje nikavutwa mpaka kwenye kituo cha basi, wakaniambia nisirudi mpaka nitubu. Waliosimama pale kungojea basi walinitazama, na mimi nikacheka upande mmoja, kwa sababu upande wa pili haucheki tena.

Kazi ya Selly Oak iliisha. Sikio la kushoto halisikii. Hayo nimeyaweka kando, ni yangu, nayabeba. Ningenyamaza nayo. Kinachonifanya niandike ni juzi.

Juzi nilikuwa Stratford Road natafuta viazi vitamu. Nikamwona mke wa Dereva anatoka duka la vyombo. Ule mkoba mwekundu ulikuwa bega la kulia, kwa sababu mkono wa kushoto wote ulikuwa ndani ya plasta, kuanzia vidole hadi juu ya kiwiko. Jicho moja lilikuwa limefumba. Nikamshika bega, akaruka kama aliyeguswa na moto. Aliponitambua akatazama pande zote kwanza.

"Mwenzangu, amekufanya nini?"

"Niliteleza," akasema.

Alisema vilevile kama Mwenyekiti alivyosema, kwa Kiingereza hichohicho. Kisha, kwa Kiswahili, taratibu: "Dada, kama siku ile mmoja wao angesema, ningekuwa Leicester." Akaondoka. Hakukimbia, mbavu hazikumruhusu.

Sasa, Mwenyekiti. Dereva najua alivyo, na Pasta ataulizwa mikono yake ilikuwa inashikilia nini. Lakini aliyesema ile "ameteleza" ya kwanza ni wewe. Ulipewa siri ya mwanamke ukaisoma kwa sauti mbele ya mumewe ukaiita sala. Uliona chupa. Ulikuwa na mvinyo kwenye viatu. Neno lako ndilo polisi wanalo, na ndilo amefundishwa yule mwanamke kusema kila anapovunjwa, na siku atakapovunjwa pasipounganika utasimama mbele ya jeneza na kutuambia aliteleza.

Jumapili hii njoo na ule msemo wako. Vaa kile kitenge cha kijani, tuwe wote tumevaa, usimame mbele, na mke wa Dereva akiwa pale na plasta yake, uniambie kile kipigo kilikuwa cha nani. Kisha chukua mkoba wako twende kwa yule kijana wa polisi ukamwambie yeye. Nitakungoja mlangoni. Ukipita bila kujibu nitauliza tena, na ukumbi mzima utasikia, kama mlivyosikia wote siku ile kwenye ngazi.